Shajara ya mradi: sauti safi kwenye kompyuta ya ofisini iliyotumika, kwa muziki na magemu

Mashine yenyewe ni ile inayojaa madukani Kariakoo: kompyuta ya ofisini iliyotumika, umbo jembamba, Core i5-4590, RAM GB 16, SSD, kadi ya picha GT 1030 ya kimo kifupi, Windows 10. Ina kazi mbili. Mchana ni biti na kurekodi sauti kwenye FL Studio, jioni ni Counter-Strike 2 na eFootball. Spika ni mbili za studio za inchi 5 zenye amplifaya ndani na ingizo la TRS (plagi nene yenye sehemu tatu za kugusana). Hedifoni ni beyerdynamic DT 770 Pro za ohm 80. Maiki ziko mbili, Shure SM58 na kondensa ya aina ya BM-800.

Malalamiko yaliyoanzisha mradi ni matatu. Spika zinanguruma hata pasipochezwa kitu. Hedifoni za tundu la mbele zinatoa mlio mwembamba unaofuata mausi. Na ukibonyeza kinanda cha MIDI (kinachopigia vyombo vilivyo ndani ya kompyuta), noti inakuja ikiwa imechelewa. Wengi hapa hununua kadi mpya ya sauti wakitumaini yote matatu yataondoka kwa mpigo mmoja. Hayaondoki, kwa sababu kila moja lina chanzo chake, na ndiyo maana shajara hii inaanza na kupima.

11 Januari 2025: Kupima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza ni kitanzi. Kebo fupi ya 3.5 mm inatoka tundu la kutolea sauti nyuma ya mashine na kurudi tundu la kuingizia sauti hapohapo nyuma. Audacity, programu ya kurekodi, imewekwa 48 kHz, kisha kimya kinarekodiwa kwa sekunde 30 katika hali tatu: mashine imetulia, mausi inazungushwa, na gemu linaendeshwa ili kadi ya picha ifanye kazi. Baada ya hapo, "Plot Spectrum" inaonyesha kelele ziko masafa gani.

Matokeo yenye faida zaidi ni yale ambayo hayakuonekana. Kwenye kitanzi hapakuwa na kilele cha maana cha 50 Hz, wala 100, wala 150. Spika zikiunganishwa, mnguruo unarudi palepale. Kitanzi kina erthi moja, kwa kuwa kebo inatoka na kurudi kwenye kasha lilelile. Mnguruo ukionekana tu pale kifaa cha pili chenye umeme wake kinapoungwa, basi hautoki kwenye kadi ya sauti. Hakuna kadi ya ndani itakayoutibu, iwe ya bei gani.

Mlio unaofuata mausi ni habari nyingine. Hedifoni zikihamishwa kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma, mlio ule unabaki kidogo sana. Nyaya za tundu la mbele ni nyembamba na zinakatiza mashine nzima zikipita kando ya pawasaplai na kadi ya picha, hivyo zinaokota kila kinachovuma njiani. Kuhamia nyuma hakugharimu kitu. Mwenye shida hiyo peke yake anaweza kufunga shajara hapa.

Kuhusu kuchelewa, hesabu ni rahisi: gawanya ukubwa wa bafa (fungu la sampuli za sauti ambalo kompyuta inalikusanya kabla ya kulitoa) kwa kasi ya sampuli (idadi yake kwa sekunde). Kwa 48 kHz, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 512 ni 10.7, ya 1024 ni 21.3. Hiyo ni njia ya kwenda tu. Ukirekodi kuna bafa ya kuingia pia, na juu yake muda wa kubadili mawimbi kuwa namba na wa kusafiri kwenye USB. Draiva ya kawaida ya Windows inapita kwenye kichanganyishi cha mfumo na kuongeza ucheleweshaji wake. ASIO, aina ya draiva ya sauti ambayo kampuni ya Steinberg waliitoa mwaka 1997, inakiruka kichanganyishi hicho. Kwa hiyo swali la kinanda ni la draiva kwanza, kadi baadaye.

25 Januari 2025: Kadi ya ndani ya PCIe

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ni kadi ya PCIe x1 (inayoingia sloti fupi ya mazabodi) ya daraja la chini, iliyotumika, TSh 90,000. Karatasi yake inasema 24-bit/192 kHz na uwiano wa sauti kwa kelele wa dB 106.

Kwa mashine jembamba, ulizia breketi fupi kabla ya kutoa pesa. Kadi nyingi za mitumba huuzwa na breketi ndefu peke yake, na kuikata kwa msumeno wa chuma huku kadi imefungwa ni kumwaga unga wa chuma juu ya saketi. Hii ilikuja na zote mbili. Miguu ya dhahabu ilisafishwa kwa kifutio laini, kisha isopropili.

Kuna sloti zaidi ya moja inayoifaa kadi ya x1. Chagua iliyo mbali na kadi ya picha. Ile ya jirani inaipa kadi ya sauti joto na mvumo wa saketi za umeme za kadi ya picha, na feni yenyewe inakosa hewa.

Baada ya kufunga, sauti ya mazabodi ilifichwa kwenye BIOS. Watu huruka hatua hii, halafu Windows inabadilisha kifaa chaguo-msingi yenyewe kila ikijisasisha, na mtu anadhani kadi imekufa.

Kilichofanikiwa ni hedifoni. Ohm 80 zinasukumwa bila jasho, kelele ya chini imepungua wazi, na mlio wa mausi haupo. Nyayo za adui kwenye gemu zinasikika zikiwa peke yake, hazielei juu ya mvumo.

Yaliyoshindikana ni haya. Mnguruo wa spika haukusogea hata kidogo, kama kipimo cha kitanzi kilivyoashiria. Draiva haikuja na ASIO yake. ASIO4ALL, draiva ya bure ya kuziba pengo hilo, ilifanya kazi, lakini chini ya bafa ya 256 sauti ilianza kukwaruza. Tundu la maiki la kadi hutoa volti chache tu za kuamshia maiki ndogo za hedseti, wakati kondensa ya studio inahitaji volti 48. BM-800 huuzwa na kebo ya XLR (plagi ya maiki ya pini tatu) kwenda 3.5 mm, na ndiyo inayowadanganya wengi: maiki inasikika, ila kwa mbali na kwa kelele, kwa sababu ina njaa ya umeme.

Jambo la nne lilichukua muda kulitambua. Kwenye Counter-Strike sauti za pembeni zilikuwa zimepakwapakwa, adui wa kushoto akisikika kama yuko kila upande. Programu ya kadi iliwasha yenyewe athari ya mzunguko wa bandia, na gemu nalo lina HRTF yake, yaani hesabu ya jinsi masikio mawili yanavyopambanua mwelekeo. Hesabu mbili za namna hiyo zikipandana, mwelekeo unapotea. Zima athari zote za kadi, zima pia "Spatial sound" ya Windows, weka spika kuwa stereo, acha gemu lifanye hesabu yake peke yake.

Kwa wanaotarajia kadi iongeze fremu za gemu: hilo lilikwisha na Windows Vista. Kabla yake DirectSound iliweza kuikabidhi kadi kazi ya kuchanganya sauti. Vista iliondoa njia hiyo, na tangu hapo kichakato kikuu (CPU) ndicho kinachofanya kazi hiyo hata kadi iwe na chipu gani.

Uamuzi: kwa mchezaji wa magemu anayevaa hedifoni, kadi ya namna hii inatosha na bei ni ya haki. Kwa muziki haitoshi. Iliuzwa baadaye kwa TSh 70,000.

8 Februari 2025: Mnguruo, na ekstensheni yenye siri

Dawa ya kwanza iliyojaribiwa ni kitenganishi cha sauti, kile kiboksi kidogo chenye transfoma mbili za 1:1, TSh 20,000. Mnguruo ulikatika papo hapo. Besi nayo ikaondoka. Transfoma ndogo za bei hiyo zina kiini kidogo cha chuma, na kiini kidogo hushiba haraka kwenye masafa ya chini. Kiki ya singeli ikipandishwa kidogo inakuwa bapa na yenye mikwaruzo. Kwa redio ya dukani kiboksi kile kinafaa, kwa mtu anayepima besi kwa sikio kinamdanganya. Kiliondolewa.

Ikabidi kurudi kwenye umeme wenyewe. Kebo ya sauti ikiwa imechomolewa, multimita iliwekwa kwenye volti za AC, ncha moja kwenye skrubu tupu ya kasha la kompyuta, nyingine kwenye tundu la juu la soketi ya ukutani, ambalo ndilo erthi. Mita ilisoma karibu volti 100. Ukipitisha mgongo wa kidole polepole juu ya chuma cha kasha, unahisi mtetemo mwepesi, kama ngozi inakwama. Wengi wanaujua mtetemo huo na wameuzoea.

Hii ndiyo maana yake. Ndani ya pawasaplai kuna kichujio chenye kapasita mbili, moja kutoka waya wa moto kwenda kasha, nyingine kutoka nyutro kwenda kasha. Erthi ikiwepo, uvujaji mdogo wa kapasita hizo unashuka ardhini kimya. Isipokuwepo, kasha linaelea kwenye nusu ya volti za umeme, yaani karibu 115 kwa umeme wa 230, na mita inasoma pungufu kidogo kwa kuwa nayo inavuta. Mkondo ni mdogo, lakini lazima utafute njia. Njia iliyokuwepo ni ganda la kebo ya sauti, hadi kwenye spika zilizochomekwa ukutani zenye erthi halali. Kila kitu kinachopita kwenye ganda hilo spika inakihesabu kuwa ni sauti.

Kwa nini kompyuta haikuwa na erthi wakati plagi ina pini tatu? Ekstensheni ilifunguliwa. Matundu yake yana nafasi tatu kila moja, na bamba la shaba linaziunganisha erthi zote kwa mstari. Kwenye kebo yenyewe mna nyaya mbili tu, ya kahawia na ya bluu. Bamba la erthi linaishia hewani, na pini ya tatu ya plagi haijaunganishwa na chochote. Kwa nje hutaitambua. Ipime kabla ya kuiamini: ichomoe kabisa ukutani, weka mita kwenye mlio wa mwendelezo, ncha moja kwenye pini kubwa ya plagi, nyingine kwenye tundu la erthi. Isipolia, itupe.

Ekstensheni mpya ya nyaya tatu, TSh 35,000. Kompyuta na spika zote mbili zikahamia kwenye ekstensheni hiyohiyo moja. Volti kati ya kasha na erthi ikawa karibu sifuri, mtetemo ukaisha, na mnguruo ukapungua mno. Kuchomeka vyote sehemu moja kuna sababu. Ukiwa na erthi mbili za soketi mbili tofauti na kebo ya sauti inayoziunganisha, umetengeneza kitanzi kikubwa cha waya kinachookota 50 Hz. Sehemu moja inakifanya kitanzi kiwe kidogo.

Fundi umeme mwenye leseni aliitwa pia kukagua erthi ya nyumba, kwa kuwa erthi ya ekstensheni haina maana kama ya ukutani ni pambo. Nondo ilikuwepo, ila kibanio cha shaba kilikuwa kimeota ukijani wa kutu, jambo la kawaida karibu na bahari, na waya ulikuwa unacheza ndani yake. Kibanio kipya, waya mpya hadi kwenye bodi, na kupima: TSh 110,000. Hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye mradi huu, na haina uhusiano na kadi yoyote.

Onyo moja, na lifuatwe. Wapo wanaoshauri kukata pini ya erthi ya spika ili mnguruo ukatike. Ni kweli unakatika. Siku waya wa moto utakapogusa kasha la spika hiyo, atakayeigusa ndiye atakuwa erthi. Usikate.

22 Februari 2025: Kadi ya nje ya USB

Kilichochaguliwa ni Behringer UMC202HD, mpya, TSh 340,000. Ina ingizo mbili za kombo (zinazopokea XLR au plagi nene) zenye prea, yaani vikuzaji vya sauti ya maiki, za Midas, 24-bit/192 kHz, volti 48 za maiki, na draiva yake ya ASIO. Ndugu zake wadogo, UM2 na UMC22, ni rahisi zaidi lakini huishia 16-bit/48 kHz, na ni draiva ya ASIO ndiyo iliyoamua. Anayepata Focusrite Scarlett iliyotumika kwa bei nzuri asisite, hatua zinazofuata zitabaki zilezile.

Sakinisha draiva kwanza, ndipo uchomeke. Tumia tundu la USB la nyuma, moja kwa moja kwenye mazabodi, bila habu.

Kebo za spika ni TRS kwenda TRS, mbili, TSh 40,000. Hapa ndipo mnguruo uliosalia ulipoisha kabisa. Kebo ya TRS hubeba sauti kwenye nyaya mbili zenye mawimbi yaliyopinduana, na spika hutoa moja kutoka kwa nyingine. Kelele iliyoingia njiani huwa sawa kwenye nyaya zote mbili, hivyo inajifuta. Angalia plagi kabla ya kulipa: TRS ina pete mbili nyeusi, TS ina moja. Dukani zinachanganywa kwenye kapu moja, na ukiweka TS sauti itatoka vizuri, ila kinga hiyo hutakuwa nayo, wala hutajua.

Nyuma ya spika kuna swichi ya usikivu, -10 dBV au +4 dBu. Ilikuwa -10 kwa ajili ya kadi ya ndani. Kwa kadi hii ihamishe +4, kisha pandisha kitufe cha kadi. Spika inapokea ishara yenye nguvu, na ule mvumo wa "sss" unabaki nyuma.

Maiki zinaungwa kwa XLR kwenda XLR, TSh 20,000, ile kebo ya BM-800 ya 3.5 mm ikawekwa kando. Mpangilio ni huu: shusha geini zote, chomeka maiki, washa 48 V, subiri kidogo, ndipo upandishe. Swichi ya 48 V inahudumia ingizo zote mbili, lakini SM58 kwenye kebo nzima ya XLR haidhuriki. Lenga vilele vya sauti vigote karibu -12 dBFS (desibeli 12 chini ya kikomo cha rekodi). Kwa 24-bit hakuna sababu ya kubana juu zaidi, na mwimbaji siku zote hupaza kwenye kiitikio kuliko alivyojaribu.

Mwimbaji ajisikie kupitia kitufe cha kusikiliza moja kwa moja cha kadi. Hapo sauti haipiti kwenye kompyuta, hivyo haichelewi. Nyamazisha njia yake ndani ya FL, la sivyo atajisikia mara mbili.

Tatizo la kwanza lilikuwa sauti ya maiki kutoka sikio la kushoto tu. Si hitilafu. Windows inaona ingizo mbili kuwa kifaa kimoja cha stereo, ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Kwenye FL chagua ingizo la mono kwenye orodha ya chini. Kwenye OBS, programu ya kurekodi na kurusha video, weka tiki ya "Mono" ndani ya "Advanced Audio Properties".

8 Machi 2025: Mikwaruzo

Kwa bafa ya 128, mradi mdogo ulicheza safi, lakini mradi wenye sampuli na vinanda vingi ulikatakata kila baada ya muda, hata kichakato kikiwa hakijafika nusu ya uwezo. Hiyo ni dalili ya draiva nyingine kuikalia foleni, na chombo cha kuikamata ni LatencyMon. Iache iendeshe dakika kumi huku muziki unacheza, kisha soma ukurasa wa "Drivers" ukipanga kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji.

Mkosaji alikuwa draiva ya adapta ya Wi-Fi ya USB. Kila ikitafuta mitandao, inashika kichakato kwa muda mrefu kuliko bafa inavyoweza kuvumilia. Ikichomolewa, mikwaruzo mingi inaisha hapohapo. Suluhisho la kudumu ni kebo ya mtandao, ambayo pia imetuliza kuchelewa kwa gemu za mtandaoni.

Yaliyobaki yalirekebishwa kwa mpangilio huu, kila moja likipimwa peke yake. Mpango wa umeme wa Windows ukawa "High performance". "USB selective suspend" ikazimwa, na kwenye "Device Manager" kila "USB Root Hub" ikaondolewa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima. Hifadhi ya nje iliyokuwa kwenye tundu la jirani ikahamishwa mbele. Kupunguza usingizi wa kichakato kwenye BIOS kulijaribiwa mwisho na kukarudishwa kama kulivyokuwa: tofauti haikusikika, joto likapanda, na kwenye kasha jembamba kwa hali ya hewa ya Dar joto ni gharama halisi.

Sasa 128 inashika wakati wa kurekodi. Kipimo cha kitanzi cha kwenda na kurudi kinatoa takribani milisekunde 11. Kwa kuchanganya, bafa inapandishwa hadi 512 au 1024, kwani hakuna anayepiga kinanda wakati huo na kichakato kinapumua.

Kwa wenye mausi au hedseti zisizo na waya za 2.4 GHz: USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo. Kidongo kikichomekwa kando ya hifadhi ya USB 3.0, mausi inarukaruka na hedseti inakata. Kivute mbali kwa kebo fupi ya kurefushia.

22 Machi 2025: Muziki na gemu kwenye kadi moja

Dalili: FL ikiwa wazi, YouTube inanyamaza, au gemu linafunguka bila sauti. Ukifunga FL, kila kitu kinarudi.

Chanzo ni kasi ya sampuli. FL ilikuwa 44.1 kHz, Windows 48 kHz. Kadi ina saa moja tu ndani yake. ASIO ikiishika kwa 44.1, programu zinazotaka 48 zinabaki nje. Weka 48 kHz kila mahali: kwenye paneli ya draiva, kwenye FL, na kwenye Windows ndani ya "Advanced" ya kila kifaa, cha kutolea na cha kuingizia. Video na magemu karibu yote yako 48, kwa hiyo ndiyo namba inayobadilishwa mara chache zaidi. Wimbo ukihitajika kwa 44.1, ibadilishe mara moja wakati wa kutoa faili la mwisho.

Ondoa pia tiki ya kuruhusu programu kukikamata kifaa peke yake. Programu moja ya kusikilizia muziki ikiachwa na ruhusa hiyo, inaweza kulinyamazisha gemu zima.

Wakati wa gemu bafa iwe 256. Kushuka chini ya hapo hakuna faida inayosikika, na gemu linahitaji kichakato. HRTF ya gemu iwashwe, Windows ibaki stereo bila mzunguko wa bandia.

Swali linaloulizwa sana ni la vile vidongo vya USB vyenye maandishi "7.1", vya takribani TSh 10,000. Vingi vina chipu ya C-Media CM108 au mfano wake: stereo ya kutoka, mono ya kuingia, 16-bit, mwisho 48 kHz. Hiyo 7.1 inafanywa na programu. Kwa kuokoa kompyuta ambayo tundu lake limekufa ni kifaa kizuri, na tusikidharau kwa hilo. Kwa kurekodi hakifai.

12 Aprili 2025: UPS, na hesabu

UPS ya bei nafuu iliongezwa kwa majaribio kutoka kwenye kompyuta nyingine. Umeme ukiwepo, hakuna tofauti. Umeme ukikatika, spika zinavuma kwa ukali. UPS za namna hiyo, na inveta nyingi, zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi laini. Zinatoa ngazi, na ngazi hizo zimejaa masafa ya 150, 250, 350 Hz na kuendelea, ambayo hupenya hadi kwenye amplifaya. Mpangilio uliobaki ni huu: kompyuta kwenye UPS, spika kwenye ekstensheni ya nyaya tatu ambayo UPS yenyewe imechomekwa humo, ili erthi ibaki moja. Umeme ukikatika spika zinazimika, kazi inahifadhiwa kwa hedifoni. Kuwasha, kompyuta kwanza na spika mwisho. Kuzima, spika kwanza. Ukigeuza, ule mpasuko wa kuwasha unapita moja kwa moja kwenye twita.

Gharama kwa shilingi za Tanzania: kebo ya kitanzi 5,000, kadi ya PCIe 90,000, kitenganishi 20,000, ekstensheni 35,000, fundi na vifaa vya erthi 110,000, UMC202HD 340,000, kebo za TRS 40,000, kebo ya XLR 20,000. Jumla 660,000. Ukitoa 70,000 za kadi iliyouzwa, imebaki 590,000. Anayeanza leo kwa kufuata njia hii aruke kadi ya PCIe na kitenganishi, kwa bei hizo atatumia 550,000, na aanze na ekstensheni na erthi kabla ya kwenda dukani kwa jambo lingine lolote.

Hatua inayofuata ni chumba. Spika zimesogezwa sentimita 30 kutoka ukutani na besi bado inazidi kwenye kona ya kiti. REW, programu ya kupima sauti ya chumba, imeshasakinishwa, maiki ya kupimia inasubiriwa.